Jack Kirby: Mchoraji aliyeiumba Wakanda akalipwa kwa ukurasa

JIONI moja ya Februari 2018, siku chache kabla ya filamu ya Black Panther kufunguliwa rasmi nchini Marekani, wakazi wa Kisumu walifurika katika jumba la sinema mjini humo kuitazama. Wengi walivalia mavazi ya Kiafrika kana kwamba wamealikwa arusini. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Gavana Anyang' Nyong'o, mzawa wa Seme, ambaye bintiye, Lupita, aliigiza katika filamu hiyo kama Nakia, jasusi wa ufalme wa Wakanda. Kwa watu wa ufuo wa ziwa ilikuwa sherehe ya mtoto wao aliyeng'ara majuu.

Katikati ya filamu hiyo anatokea mzee mmoja mwenye miwani katika ukumbi wa kamari. Ni Stan Lee, na kila aliyezoea filamu za kampuni ya Marvel humtambua mara moja. Lakini aliyeichora Wakanda kwa mara ya kwanza, akamchora mfalme wake, msitu wake na mitambo yake kwa penseli juu ya karatasi nyeupe, hakuwapo kwenye picha hiyo wala nyingine yoyote. Alikuwa amezikwa California kwa miaka 24. Jina lake ni Jack Kirby, na maisha yake yanafaa kujulikana na kila mtu anayekula jasho la kalamu, awe Kondele au New York.

Alizaliwa Agosti 28, 1917 katika mtaa wa Lower East Side, New York, akapewa jina la Jacob Kurtzberg. Wazazi wake, Benjamin na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, na baba alikuwa kibarua katika kiwanda cha nguo. Mtaa wenyewe ulikuwa wa nyumba za kupanga zilizosongamana, familia juu ya familia, na vijana wa barabara moja walipigana na wa barabara ya pili kwa ngumi, mawe na vyuma. Jacob alikuwa mfupi wa kimo lakini hakuogopa vita. Atakayefungua vitabu vyake ataona jinsi ngumi zinavyorushwa, mwili wote ukienda na mkono, hadi mpigaji anaelekea kuchomoka kwenye karatasi. Hayo hakuyajifunza darasani.

Darasani kwenyewe hakukaa. Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia katika chuo cha sanaa cha Pratt, na baada ya juma moja tu akaondoka. Walimu walitaka mtu atumie siku nyingi kwenye mchoro mmoja, naye alitaka kuchora mingi kwa siku moja. Alijifunza kwa kuiga michoro ya magazeti na kwa kutazama sinema.

Katikati ya miaka ya 1930 alipata kazi katika studio ya Fleischer iliyotengeneza filamu za katuni za Popeye, akichora hatua ndogo ndogo kati ya mchoro mkuu mmoja na mwingine. Meza zilipangwa kwa safu ndefu, kila mtu na kipande chake, na Kirby akaona pale hapana tofauti na kiwanda alikomwona baba yake akichakaa. Akaacha. Alihamia kwenye michoro ya magazeti na vitabu vya katuni, akitumia majina mengi ya bandia hadi akatulia kwenye hili la Jack Kirby. Wazazi hawakufurahia kuona jina la ukoo likitupwa, ingawa yeye daima alikana kwamba alikuwa anaficha Uyahudi wake.

Hapo ndipo alipokutana na Joe Simon, mwandishi na mchoraji aliyekuwa na jicho la biashara kuliko yeye. Wawili hao ndio waliomuumba Captain America kwa niaba ya kampuni ya Timely, iliyokuja kuitwa Marvel. Toleo la kwanza liliuzwa kuanzia Desemba 1940, na jaladani shujaa huyo anamtwanga Adolf Hitler ngumi ya taya. Ikumbukwe kwamba wakati huo Marekani haikuwa imeingia vitani; shambulio la Pearl Harbor lilikuja mwaka mmoja baadaye. Wamarekani waliounga mkono Wanazi walikuwapo New York, na vitisho viliwafikia wachoraji hao hadi polisi wakalazimika kulinda ofisi. Kitabu kiliuzwa karibu nakala milioni moja.

Na hapo ndipo Kirby alipoonja kwa mara ya kwanza kile ambacho kingemfuata hadi kaburini. Simon naye walikuwa wameahidiwa sehemu ya faida. Walipoona kwamba hesabu haziendani na mauzo, walianza kuzungumza kisiri na kampuni pinzani, ile iliyomiliki Superman. Mwajiri akapata habari, wakafutwa. Katika ofisi hiyo kulikuwa na tarishi mmoja kijana, jamaa wa mke wa mwenye kampuni, aliyekuwa akijaza wino na kuleta chai. Huyo ndiye Stan Lee. Kirby aliamini kwamba ni yeye aliyewachongea, ingawa hapakuwa na ushahidi.

Mwaka wa 1942 alimwoa Rosalind Goldstein, aliyejulikana kama Roz. Mwaka uliofuata jeshi likamwita. Alitua katika ufuo wa Omaha, Ufaransa, Agosti 1944, miezi miwili na nusu baada ya uvamizi mkuu, akiwa askari wa miguu katika jeshi la Jenerali Patton. Afisa mmoja alipojua kwamba mchoraji wa Captain America yuko kikosini, hakumpeleka ofisini kuchora mabango. Alimpa karatasi na kumtuma mbele ya mstari, karibu na Wajerumani, akachore ramani za miji na njia. Ni kazi iliyoua wengi. Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliganda kwa barafu hadi madaktari wakafikiria kuikata. Iliponea chupuchupu, akaruhusiwa kurudi nyumbani Julai 1945. Tangu hapo vita havikutoka akilini mwake wala kwenye karatasi zake.

Miaka iliyofuata naweza kuipitia haraka. Yeye na Simon walianzisha vitabu vya katuni za mapenzi mwaka wa 1947, aina ambayo haikuwapo kabla yao, na vikawaletea fedha nzuri. Mwaka wa 1954 wakafungua kampuni yao wenyewe, na haungeweza kupatikana mwaka mbaya zaidi. Daktari wa akili Fredric Wertham alikuwa ametoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawapotosha watoto, Bunge la Seneti likafanya vikao, na biashara nzima ikatikisika. Kampuni ikafa. Kirby akagombana na mhariri mmoja kuhusu malipo, wakafikishana mahakamani, akashindwa. Kufikia 1958 alikuwa na umri wa miaka 41, mke, watoto, mkopo wa nyumba na milango iliyofungwa. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, nao ulikuwa wa kampuni ile ile iliyomfuta. Tarishi wa zamani sasa alikuwa mhariri mkuu.

Kilichotokea kati ya 1961 na 1970 hakijawahi kurudiwa katika fani hiyo. Fantastic Four walitoka mwaka wa 1961. Hulk na Thor wakafuata 1962, X-Men na Avengers 1963. Galactus, jitu linalokula sayari, alikuja 1966 pamoja na mjumbe wake mwenye kuteleza angani juu ya ubao wa fedha. Mwaka wa 1962 pekee Kirby alichora zaidi ya kurasa 1,000. Alifanya kazi katika chumba kidogo chini ya nyumba yake huko Long Island, chumba ambacho familia ilikiita gereza la chini ya ardhi, moshi wa biri ukiwa umetanda, usiku kucha hadi alfajiri.

Ni lazima tueleze hapa namna kazi hiyo ilivyofanywa, maana ugomvi wote ulizaliwa humo. Kwa kawaida mwandishi huandika hadithi kamili, kisha mchoraji akaichora. Marvel haikuwa hivyo. Lee alikuwa na vitabu vingi vya kusimamia, kwa hiyo alizungumza na mchoraji kwa dakika chache, pengine kwa simu, wakakubaliana kwa jumla juu ya kisa. Baada ya hapo mchoraji alikwenda kuamua mwenyewe nini kitatokea katika kila ukurasa na kila kisanduku, nani ataingia, nani atakufa, akaandika maelezo pembeni. Lee alipopokea kurasa aliweka maneno vinywani mwa wahusika. Yule mjumbe wa ubao wa fedha, kwa mfano, hakuwa sehemu ya mazungumzo. Lee alimwona kwa mara ya kwanza kurasa zilipofika mezani, na yeye mwenyewe alikiri hivyo. Lakini kitabu kilipochapishwa kilisema kimeandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Malipo ya uandishi yalikwenda kwa Lee. Kirby alilipwa kwa ukurasa, bila mrabaha, bila pensheni, bila bima ya afya.

Sitaki kumdhulumu Lee. Maneno yake yalikuwa na ucheshi ambao Kirby hakuwa nao, na bila ulimi wake wa kuuza, huenda vitabu hivyo vingefungia maandazi. Aliyesoma yale ambayo kila mmoja alifanya peke yake baadaye atakubali kwamba walihitajiana. Ila mmoja alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara na ukoo kwa mwenye mali, na mwingine kibarua. Gazeti moja la New York lilipowaandikia makala mnamo Januari 1966, lilimsifu Lee kama nyota na kumweleza Kirby kama mtu wa kawaida mwenye sura ya msimamizi wa kiwanda. Roz aliisoma asubuhi na mapema. Urafiki haukupona.

Mwaka huo huo ndipo Wakanda ilipozaliwa. Kirby alikuwa ameona kwamba katika vitabu vyake vyote hakuna shujaa Mweusi, na kwamba wasomaji Weusi walikuwapo. Mchoro wake wa awali ulikuwa wa shujaa aliyeitwa Coal Tiger, mwenye mavazi ya rangi za kung'aa. Baadaye jina likawa Black Panther, na mavazi yakawa meusi tititi. Katika jalada la kwanza alilochora, kinyago kiliacha nusu ya uso wazi ili ngozi ionekane. Jalada lililochapishwa lina kinyago kilichoufunika uso wote. Kitabu kilitoka miezi kadhaa kabla ya chama cha Black Panther kuanzishwa Oakland, Oktoba 1966. Jina lilifanana kwa sadfa tu.

Ukikisoma leo kisa hicho utakuta mambo ya kuchekesha na ya kukera, kama ilivyo kwa kila Mmarekani wa zama zile aliyeichora Afrika. Lakini tazama alichokifanya. Wageni wanaingia msituni wakitarajia ngoma na vibanda, na msitu wenyewe unageuka kuwa mashine: matawi ni nyaya, maua ni vyombo vya umeme. Mwenyeji wao, T'Challa, ni mwanasayansi na mfalme, na anawawinda wageni mashuhuri mmoja baada ya mwingine ili kupima nguvu zake kabla ya kulipiza kisasi kwa mzungu aliyemuua baba yake kwa sababu ya madini. Kumbuka mwaka. Kenya ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu tu kabla, na sinema za Tarzan bado zilikuwa ndizo Afrika wanayoijua watoto wa Marekani.

Kuhusu jina, msomaji wa Kiswahili hawezi kuacha kutabasamu. Wakanda kwa sikio letu ni watu, na mmoja wao angekuwa Mkanda. Baadaye wachoraji wa ramani za Marvel waliisogeza nchi hiyo huku na kule Afrika Mashariki. Kuna zinazoiweka karibu na Ziwa Turkana, na kuna zinazoiegemeza kwenye Ziwa Victoria. Kwa hiyo aliyeketi Dunga akatazama maji magharibi ana haki ya kudai kwamba yeye ni jirani.

Mimi nilikulia katika nyumba ambamo vitabu hivyo vilifika vikiwa vimechakaa, bila jalada, vikiuzwa chini kando ya magazeti ya zamani. Wakubwa wetu walimpenda Lance Spearman wa African Film, na sote tulimcheka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Wakanda tulikuwa hatuijui. Wala hatukuuliza nani amechora. Jalada likishang'oka, jina la mchoraji nalo huenda nalo.

Mwaka wa 1970 Kirby aliondoka Marvel kwa mshangao wa wengi, akiwa tayari amehamia California kwa ajili ya afya ya bintiye. Kampuni pinzani ya DC ilimpa uhuru aliouota, naye akaanza simulizi kubwa ya miungu wapya iliyosambaa katika vitabu vinne kwa wakati mmoja, yenye mtawala katili Darkseid ambaye sura yake ni kama jiwe. Aliyaandika maneno mwenyewe safari hii, na ukweli ni kwamba maneno yenyewe yalikuwa mazito kama matofali. Lakini fikira zilikuwa kubwa. Kampuni ilivunja kazi hiyo katikati mnamo 1972. Tena, kila alipomchora Superman, uso ulifutwa na kuchorwa upya na mtu mwingine ili ufanane na ule waliouzoea wanunuzi. Nimefanya kazi ya kuhariri kwa miaka mingi na sijui tusi kubwa kuliko hilo.

Alirudi Marvel katikati ya miaka ya 1970, akamchora tena Black Panther mnamo 1977, kisha akaondoka moja kwa moja. Safari hii aliingia katika filamu za katuni za televisheni, na huko, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, ndiko alikopata kwa mara ya kwanza malipo ya kuridhisha pamoja na bima ya afya. Kuna kituko kimoja cha wakati huo. Michoro aliyoitengeneza kwa ajili ya filamu ambayo haikutengenezwa kamwe ilichukuliwa na shirika la ujasusi la CIA, likaitumia kudai kwamba linatafuta mahali pa kupigia filamu iitwayo Argo nchini Iran. Kwa hila hiyo wanadiplomasia sita wa Marekani walitoroshwa Tehran mwezi wa Januari 1980.

Vita vyake vya mwisho vilihusu karatasi. Sheria ya Marekani ilikuwa imebadilika, na katika miaka ya 1980 Marvel ikaanza kuwarudishia wachoraji kurasa walizochora kwa mkono, ambazo wakusanyaji walikuwa wakizinunua kwa fedha nyingi. Wachoraji wengine walitakiwa kutia sahihi hati ya ukurasa mmoja. Kirby pekee aliletewa hati ya kurasa nne, ya kumfunga asidai chochote juu ya chochote, na badala yake angepewa kurasa 88 kati ya maelfu aliyochora. Alikataa. Wachoraji wenzake walitia sahihi barua ya kumtetea, vijana kwa wazee, na mwaka wa 1987 kampuni ikalegeza msimamo. Alipata takriban kurasa 2,000. Nyingine zilikuwa zimepotea, zimegawiwa au zimeibwa maghalani.

Jack Kirby aliaga dunia Februari 6, 1994 nyumbani kwake Thousand Oaks, California, moyo ulipomsimama. Alikuwa na umri wa miaka 76. Katika maisha yake alichapisha zaidi ya kurasa 20,000. Roz alimfuata mwaka wa 1997, wakiacha watoto wanne.

Watoto hao ndio waliobaki na kesi. Mnamo 2009, kampuni ya Disney ilipotangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4, walituma notisi wakidai hakimiliki ya wahusika ambao baba yao aliwaumba kati ya 1958 na 1963. Mahakama iliwakatalia mwaka wa 2011, na ya rufaa ikakubaliana nayo 2013, kwa hoja kwamba kazi ilifanywa kwa agizo na kwa gharama ya kampuni, basi mwenye mali ni kampuni. Walikwenda hadi Mahakama ya Juu. Septemba 2014, siku chache kabla ya majaji kuamua iwapo wataisikiliza, pande zote mbili zilitangaza kwamba zimepatana. Kiasi hakikutajwa.

Mchoraji wa Kisumu asidhani hayo ni ya ng'ambo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inasema kwamba kazi iliyofanywa kwa kuagizwa au kwa kuajiriwa huwa mali ya aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Ninawafahamu vijana wachoraji, baadhi yao wakipamba matatu na mabango ya biashara kandokando ya ziwa, ambao hawajawahi kuona mkataba hata mmoja, achilia mbali kuusoma. Hulipwa jioni, mkononi, kwa kipande.

Baada ya mapatano ya 2014 jina la Kirby lilianza kuonekana wazi zaidi katika vitabu na filamu za wahusika wake. Black Panther iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote na kutwaa tuzo tatu za Oscar mnamo 2019. Nami niliitazama hapa hapa Kisumu, nikangoja hadi mwisho. Watu walikuwa wameshasimama, wengine wakipiga picha na mabango, wengine wakiulizana kuhusu usafiri wa kurudi Nyamasaria. Kwenye pazia yalipita majina, na miongoni mwake, kwa sekunde chache, la Stan Lee, na baada yake la Jack Kirby.